Muulize Mwenyewe

Somo: Marko 10:46–52

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo litendekalo kila siku katika mitaa yetu, wala watu wengi hawalioni kuwa ni kosa. Nalo ni jinsi tunavyokaa na watu wenye ulemavu.

Hatutasema leo habari za ukatili mkubwa. Ukatili huo upo, na wakati mwingine hufika mahakamani. Twasema habari za mambo madogo: neno, mkono, jicho. Mambo haya ni kama changarawe ndani ya kiatu. Anayeitazama njia haioni, lakini mwenye kuvaa kiatu huijua kwa kila hatua.

Tazameni mambo ya hapa kwetu Manyatta. Kijana asiyeona apanda matatu pale Kondele, pamoja na dada yake mdogo wa darasa la tano. Kondakta amwuliza mtoto, "Huyu anashukia wapi?" Kijana ana miaka 26, nauli iko mfukoni mwake, na anajua aendako. Mama mmoja aketiye katika kiti cha magurudumu amngoja binti yake nje ya soko la Kibuye. Mtu asiyemjua amwangushia sarafu ya shilingi 20 magotini, asema, "Mungu akusaidie," na kwenda zake. Mama yule ana biashara yake ya nguo, wala hakuwa akiomba. Mzee mwenye fimbo nyeupe asimama kando ya barabara akimsubiri rafiki yake. Mpita njia mwenye huruma amshika mkono kwa nguvu na kumvusha barabara ambayo hakutaka kuivuka.

Ndugu zetu, hakuna hata mmoja katika hao aliyekusudia ubaya. Huenda wote walirudi nyumbani wakidhani wametenda mema. Lakini wote watatu walisahau jambo lile lile moja. Hawakumwuliza mwenyewe.

Swali la Bwana Yesu

Katika somo letu twakutana na Bartimayo, aliyekuwa ameketi kando ya njia nje ya mji wa Yeriko. Aliposikia kwamba Yesu anapita, alipaza sauti. Watu wengi walimkemea wakimtaka anyamaze. Hao hawakuwa adui zake. Walikuwa mkutano uliomfuata Bwana, watu wa dini kama sisi. Waliona kwamba kipofu mwombaji anaharibu utaratibu.

Bwana Yesu alisimama. Hakuwauliza wale waliosimama karibu kwamba mtu huyu ana shida gani. Aliagiza aitwe, na Bartimayo alipofika, Bwana alimwuliza mwenyewe anataka afanyiwe nini.

Hebu tulifikiri swali hilo. Je, Bwana hakujua kwamba mtu yule haoni? Kila mtu alijua. Lakini Bartimayo alikuwa mwombaji, na huenda angeomba fedha, au nguo, au haki juu ya mtu aliyemdhulumu. Haja ilikuwa yake, na kinywa cha kuisema kilikuwa chake. Bwana, aliyeweza yote, hakutumia uwezo wake juu ya mtu yule kabla ya kumpa nafasi ya kusema. Ikiwa yeye aliuliza, sisi ni nani hata tusiulize?

Msidhani jambo hili ni dogo. Twawajua watu waliopoteza mengi kwa sababu hawakuulizwa. Mwanamke mmoja asiyesikia, fundi wa kushona nguo, alikwenda katika kliniki moja kupimwa damu. Alifuatana na jirani yake ili amsikilizie jina lake litakapoitwa. Matokeo yalipokuwa tayari, mhudumu alimgeukia jirani, akamweleza yeye yote: majibu, dawa, na siku ya kurudi. Mwenyewe alikuwa ameketi katikati yao. Mkobani mwake mlikuwa na daftari na kalamu, maana anasoma na kuandika vizuri. Kabla ya jua kutua, ploti nzima ilikuwa na habari zake, naye alikuwa hajaambiwa bado. Juma lile wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa, asijue ni kwa nini. Alipotujia, aliandika katika daftari lile maneno mawili tu: "Nilikuwa pale."

Hayo maneno mawili, wapenzi, yangeweza kusemwa na maelfu ya watu katika nchi yetu. Nilikuwa pale mlipozungumza habari za shule yangu. Nilikuwa pale mlipopanga kwamba sitaolewa. Nilikuwa pale mlipogawa shamba la baba.

Majina tunayowaita

Mazoea haya huanza na majina. Katika mtaa wetu mtu mwenye ulemavu mara nyingi hupoteza jina alilobatizwa nalo. Anaitwa kwa mguu wake au kwa jicho lake. Kwa Kiluo ataitwa rang'ol, kwa Kiswahili ataitwa kiwete, na watoto hulikua jina hilo kutoka vinywani mwa wazazi. Kiswahili chetu kimeyaweka majina haya, kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, katika ngeli moja na kiti na kijiko. Ni kweli kwamba kijana na kiongozi nao wamo humo, wala hatusemi kwamba lugha imetenda dhambi. Tena Biblia yetu ya Kiswahili imeyatumia maneno hayo. Lakini ni vizuri kujua jinsi neno linavyomwingia yule aitwaye. Tukisema "mtu mwenye ulemavu," tumemtaja mtu kwanza. Na tukimwita kwa jina lake, ni vizuri zaidi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalisema jambo hili wazi. Kifungu cha 54 kinampa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdharau. Kifungu hicho hicho kinampa haki ya kutumia lugha ya ishara, maandishi ya breli, au njia nyingine imfaayo ya kuwasiliana. Katiba hiyo pia imeiweka Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Tulikuwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003, na mwaka 2025 ikapatikana mpya mahali pake. Sheria tunazo. Lakini askari hawezi kusimama katika kila mlango na kila matatu. Huko ndiko sheria hukabidhi kazi kwa moyo.

Wala watu hawa si wachache. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mtu mmoja kati ya kila sita ulimwenguni ana ulemavu mkubwa. Hesabu ya watu ya Kenya ya mwaka 2019 ilipata watu 900,000 hivi wa umri wa miaka 5 na zaidi, yaani kama watu 2 kwa kila 100. Katika kaunti zetu za ziwani, Siaya, Kisumu na Homa Bay, hesabu ilikaribia watu 4 kwa kila 100. Mbona hesabu yetu ni ndogo kuliko ile ya dunia? Sababu moja ni kwamba maswali ya hesabu yetu yaliwatafuta wale wenye shida kubwa ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana. Lakini kumbukeni tena kwamba karani wa hesabu kwa kawaida humwuliza mkuu wa nyumba. Yule aliye chumba cha nyuma hatajwi ikiwa mkuu wa nyumba ataona aibu kumtaja. Hapo pia hakuna aliyemwuliza mwenyewe.

Nani aliyetenda dhambi?

Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu. Hawakumsalimu. Walimwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, mtu yule au wazazi wake. Swali hilo lingali likitembea katika mitaa yetu. Mtoto akizaliwa na ulemavu, wazee watasema kuna chira katika boma hili, mwiko fulani umevunjwa. Wengine watasema mama alirogwa, au yeye ndiye mrogi. Mara nyingi baba huondoka, na mzigo wote humwangukia mama.

Bwana alilikataa swali lile. Alisema kwamba si mtu yule wala wazazi wake. Nasi leo twaweza kuongeza yale ambayo madaktari wametufundisha. Mtoto akikosa hewa wakati wa kuzaliwa aweza kupata mtindio wa ubongo. Malaria kali ipandayo kichwani, ambayo twaijua sana huku ziwani, na homa ya uti wa mgongo, zaweza kumwachia mtoto kifafa au uziwi. Surua yaweza kuharibu macho. Wazee wengi wanaochechemea leo walipatwa na polio utotoni kabla chanjo haijawafikia. Kisukari huwakata watu miguu, na pikipiki zetu za bodaboda huwavunja vijana wenye nguvu kila juma. Wahenga walisema, "Hujafa hujaumbika." Ni methali nzuri ya kumnyamazisha mwenye kucheka. Lakini tusingoje kuogopa ili tuheshimu. Mtu mwenye ulemavu astahili heshima kwa kuwa ameumbwa kwa mfano wa Mungu, hata kama sisi hatutapatwa kamwe na kama lililompata.

Tena tusiwe wepesi wa kumhukumu mama. Wako wanawake wanaofunga mlango kwa kufuli asubuhi, na ndani yumo mtoto asiyeweza kutembea. Majirani husema, "Tazama moyo mgumu!" Lakini je, kuna aliyemwuliza? Ataamka alfajiri kununua omena, nauli ni ya mtu mmoja, mtoto ana miaka 11 na ni mzito kubebwa mgongoni. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa Kisumu hushika magurudumu kama gundi, na mitaro imejaa maji hadi mlangoni. Anayemlaumu na amwambie, "Jumanne mimi nitakaa naye." Halafu amsaidie kuulizia shule. Kibos iko jirani yetu kwa wasioona. Joyland iko hapa hapa Kisumu kwa wenye ulemavu wa viungo. Na Nyang'oma, upande wa Bondo, imewafundisha watoto wasiosikia kwa miaka mingi.

Liko jambo jingine linalotuhusu sisi wahubiri. Katika mikutano ya maombi, mtu mwenye magongo akipita tu, huzungukwa, huwekewa mikono, husukumwa, na huambiwa atupe magongo. Hakuna aliyeuliza kama alikuja kuombewa mguu. Huenda alikuja kumshukuru Mungu kwa kupata kazi. Asipopona, huambiwa imani yake ni haba. Hivyo aliyekuja na mzigo mmoja hurudi na miwili. Sisi twaamini kwamba Mungu huponya. Lakini Mtume Paulo aliomba mara tatu juu ya mwiba wake, na haukuondolewa, wala hakuna athubutuye kusema kwamba Paulo hakuwa na imani. Mtu akikuomba umwombee, mwombee kwa moyo wote. Kama hakukuomba, msalimu, umwulize habari za nyumbani.

Kiti mezani pa mfalme

Katika Kitabu cha Pili cha Samweli twasoma habari za Mefiboshethi, mwana wa Yonathani. Alikuwa na umri wa miaka mitano yaya wake alipomchukua akikimbia vita, akaanguka, akawa mlemavu wa miguu yote miwili. Mfalme Daudi alipomtafuta, alimrudishia mashamba ya babu yake, akampa nafasi ya kula mezani pa mfalme siku zote, kama mmoja wa wana wake. Sura ya 9 inamalizika kwa kutuambia mambo mawili pamoja: kwamba alikula mezani pa mfalme, na kwamba alikuwa kiwete wa miguu yote miwili. Meza haikungoja miguu ipone.

Lakini wengi hukomea hapo. Endeleeni mpaka sura ya 16. Daudi alipomkimbia Absalomu, Siba, mtumishi wa Mefiboshethi, alimjia na punda na mikate, akamwambia kwamba bwana wake amebaki mjini akitumaini kuupata ufalme. Daudi aliamini papo hapo, akampa Siba mali yote. Katika sura ya 19 Mefiboshethi akaja mwenyewe, ndevu hazijakatwa na nguo hazijafuliwa tangu siku mfalme alipoondoka. Akaeleza kwamba alitaka kutandikiwa punda ili aende na mfalme, kwa kuwa hakuweza kutembea, na mtumishi wake akamdanganya na kumsingizia. Daudi akaamua wagawane shamba nusu kwa nusu.

Tazameni, ndugu zetu. Mfalme yule yule aliyempa mtu kiti mezani, alipokuja kusikia habari zake, alimsikiliza msindikizaji. Wema wa meza haukumwokoa Mefiboshethi na hasara ya kutoulizwa. Hata sisi twaweza kuwa na moyo wa kutoa, tukafanya harambee na kununua kiti cha magurudumu, kisha tukamsikiliza Siba siku zote.

Liko kosa jingine lililo kinyume cha dharau, nalo ni kusifu kupita kiasi. Reuben Kigame, ambaye nyimbo zake zimeimbwa sana makanisani mwetu, alipoteza kuona akiwa mtoto mdogo, akasoma Kibos. Mwaka 2022 aliomba kugombea urais wa nchi hii. Twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini ni rahisi kumpigia makofi mwenye kinanda, na jioni ile ile kumnyima chumba cha kupanga kijana asiyeona, kwa hofu kwamba atachoma nyumba kwa jiko. Heshima si zawadi ya wenye vipaji. Mtu wa kawaida mwenye ulemavu, anayeuza nyanya, anayekasirika, anayechelewa kulipa kodi kama wengine, naye anastahili kuambiwa, "Habari yako?"

Tufanye nini?

Kwanza, zungumza na mwenyewe. Akiwa na msindikizaji, macho yako na yawe kwa yule unayetaka kujua habari zake. Kama hasikii, simama penye mwanga, mwelekee uso kwa uso, tumia kalamu, na ujifunze ishara chache. Kama asema kwa shida, ngoja amalize; usimmalizie sentensi.

Pili, uliza kabla ya kugusa. Kiti cha magurudumu ni kama sehemu ya mwili wa mwenyewe. Usikisukume bila ruhusa, wala usikiegemee. Ukitaka kumwongoza asiyeona, taja jina lako, kisha mwache akushike wewe kiwiko. Usimvute. Na unapoondoka, mwambie, asibaki akizungumza na upepo.

Tatu, akikuambia "hapana, asante," kubali. Wema unaokasirika ukikataliwa haukuwa wema.

Nne, tutazame majengo yetu. Ngazi tatu mlangoni mwa kanisa zasema, "Wewe usiingie," hata kama kibao kimeandikwa "Karibuni wote." Mifuko michache ya saruji na kazi ya Jumamosi moja yatosha kutengeneza njia ya mteremko. Lakini kabla ya kuchanganya saruji, mwiteni yule atakayeipita, awaambie kama mteremko ni mkali mno.

Tano, wapeni kazi. Kama katika halmashauri ya kanisa, katika kwaya, na katika kikundi cha akina mama hakuna hata mmoja mwenye ulemavu, tusijisifu kwamba tunawapenda. Mtu anayependwa hupewa pia dakika za mkutano aandike, na ufunguo wa sanduku la fedha.

Wazazi, mtoto wako akimwona mtu mwenye ulemavu na kuuliza kwa sauti kubwa, usimfinye wala usimfunike mdomo. Mtoto akifinywa hujifunza kwamba ameona jambo la aibu. Mwambie amsalimu mtu yule. Salamu ndiyo mwanzo wa kuuliza.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyetuumba sote kwa mfano wako, twakushukuru kwa kila mmoja uliyemweka kati yetu. Utuondolee haraka ya kusema kwa niaba ya wenzetu. Wakumbuke mama waliofunga milango asubuhi hii, na watoto walio ndani. Uwafariji wote ambao habari zao zilizungumzwa nao wapo, na hakuna aliyewageukia. Utufundishe kusimama, kama Mwanao alivyosimama njiani, na kuuliza, na kungoja jibu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.